Ile Pete ya Jikoni Niliihamisha Mimi

Ndugu wasomaji, sitafuti wa kumlaumu. Nilichokifanya nilikifanya kwa mikono yangu hii, mchana kweupe, akili zangu zikiwa timamu. Hakuna aliyenituma. Wala shetani simsingizii, ana kazi zake nyingine.

Jina langu silitaji. Walionizunguka walishalisikia jambo hili kwa mdomo wangu mwenyewe, na ninyi wengine niiteni bibi tu. Kusoma kwangu kuliishia darasa la tatu huko kwetu Taita, kwa hiyo mkiona mahali nimeandika vibaya nivumilieni. Ninalotaka kusema si la kupambwa.

Nakaa Stockholm, huku Bredäng kwenye maghorofa. Nilikuja kumlelea binti yangu watoto. Watoto wamekua, binti kahamia Sundbyberg, upande mwingine wa jiji, na mumewe, mimi nikabaki na nyumba yangu ndogo. Wajukuu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiswidi. Miaka ya mwanzo nilikuwa kama bubu, ndugu zangu. Unaweza kumaliza wiki nzima hujasema neno ila kwa Mungu.

Ndipo nikakutana na Konsolata.

Tulikutana chini kwenye chumba cha kufulia. Hapa mashine za kufua ni za jengo zima, kila mtu ana saa yake, na saa ya mtu haiguswi. Siku hiyo nashuka na furushi langu, namkuta mama mmoja mnene amejaza nguo zake kwenye mashine, saa yangu! Nikasema kwa Kiswahili, nikijua haelewi, "Huyu naye haya hana."

Akageuka polepole. "Haya niko nayo, dada. Nimeiacha juu, pamoja na sabuni. Utaniazima ya kwako?"

Sabuni au haya, mpaka leo sijui alitaka ipi. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Alikuwa Mrundi, mkimbizi wa zamani, mjane, mkubwa kwangu kidogo. Akaniita Serikali, kwa sababu napenda kuamrisha. "Serikali imekuja, fungueni mlango!" Nikiingia kwake bila kubisha anasema, "Leo ni msako?" Kila siku mimi kwake au yeye kwangu, ngazi moja tu kati yetu. Mwanawe wa pekee, Dezire, akaniita Mama mdogo. Ndivyo nilivyopata dada ugenini.

Baadaye Konsolata akaanza kusahau.

Mwanzoni vitu vidogo. Miwani ndani ya friji. Kuniuliza habari za binti yangu, nikamjibu, akaniuliza tena kabla chai haijapoa. Halafu siku moja akaacha sufuria jikoni akaenda kulala, jengo likajaa moshi, majirani wakalalamika. Akaja mama mmoja wa kommun, yaani manispaa, na karatasi zake na sauti laini. Akasema labda wakati umefika wa nyumba ya wazee.

Konsolata alilia siku ile. Hakulia kwa sauti, alikuwa anajifuta tu kwa ncha ya kitenge.

"Huko nitaongea na nani, dada? Nitakuwa naitikia ndiyo ndiyo yao, ja, ja, kama kuku anadonoa. Nitafia pale na mutu hatajua nimesema nini mwisho."

Mimi nikamwambia hatakwenda. Kwa amri. Serikali imesema.

Dezire ni fundi umeme. Anafanya kazi Södertälje, mji wa nje ya Stockholm, kwenye kiwanda cha malori. Kijana mpole, mrefu, anayeinama anapoongea na wazee. Alimwomba yule mama wa kommun ampe muda, akaja Jumamosi na begi la vifaa. Jiko kubwa akalizima kabisa huko kwenye fyuzi. Akamletea mamake jiko dogo la umeme la sahani moja, na kwenye waya wake akafunga pete.

Pete hiyo nitaieleza, maana ndiyo habari yenyewe. Ni nyeusi, ya plastiki, ina bawaba upande mmoja, inafunguka na kufunga kama kibanio cha nywele. Ndani ina kitu cha sumaku. Imeungana na kisanduku kidogo chenye taa ya kijani, na kisanduku kinapeleka habari kwenye simu ya Dezire.

Nilikuwa nimewapelekea chapati. Nikauliza hiyo pete inafanya nini.

"Mama mdogo, umeme ukipita kwenye waya unazaa sumaku kidogo pembeni yake. Wewe huioni. Hii pete inaisikia. Ikisikia, najua jiko linawaka. Likiwaka muda mrefu mno, kisanduku kinakata umeme na simu yangu inalia."

"Inasikia kama mtu?"

"Inamshinda mtu. Haina umbea."

Mamake akadakia, "Kumbe umemuletea Serikali mwenzake!"

Tukacheka. Akatuambia kazini kwao wana vidude vya jamaa hiyo hiyo, vinasikia gurudumu la lori linavyozunguka bila kuligusa. Akabandika na kingine mlangoni kwa mamake, sumaku upande mmoja na kisikizi upande wa pili, mlango ukifunguka anajua. Kisha akalichana ganda la nje la waya wa jiko, akatoa uzi mmoja tu wa ndani, ule wa kahawia, akaupitisha peke yake ndani ya pete. Nilimwona kwa macho yangu. Nilikuwa nawaza anahitaji kunyolewa. Laiti ningemuuliza kwa nini uzi mmoja, badala ya kuwaza nywele!

Akamaliza, akafunika na kifuniko cha plastiki. Akanishika bega.

"Mama mdogo, mimi niko mbali na kazi ni za zamu. Wewe ndiye macho yangu hapa."

Nikasema, "Nenda mwanangu. Mimi nipo."

Yule mama wa kommun akaja akaona, akaridhika. Konsolata akabaki nyumbani kwake. Tulimshukuru Mungu kwa nyimbo siku hiyo.

Sasa sikieni palipoharibika.

Konsolata alikuwa mtu wa maharagwe. Si maharagwe ya kopo. Alinunua makavu kwa Mkongo mwenye duka, yale mekundu magumu, na aliyapika kama alivyofundishwa na mamake: moto mdogo, asubuhi nzima, mpaka mchuzi unakuwa mzito wenyewe, ndipo yanatiwa mawese na vitunguu. Kwake hayo ndiyo yalikuwa chakula. Vingine vyote aliviita vitafunio.

Na pete haikuyapenda maharagwe. Jiko likiwaka kwa muda wa kama saa moja hivi, tap! Umeme umekatika. Simu ya Dezire inalia kiwandani, Dezire anapiga. "Mama, umesahau jiko?" "Sijasahau, nimeketi hapa naliangalia!" "Basi liwashe tena." Analiwasha, maji yameshapoa, tap tena. Maharagwe yakawa nusu mawe.

"Nunua ya kopo, Mama," Dezire akamwambia.

"Ya kopo yanateleza kama dawa," akaniambia mimi. Kwa mwanawe alisema sawa.

Mimi nilimshauri, hilo nalitaja ingawa halinisaidii. Nilimwambia amweleze kijana aongeze muda. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mimi? Nimuombe ruhusa ya kupika mutoto nilimunyonyesha? Nimekimbia vita na huyu mutoto mugongoni, nikimupikia maharagwe haya haya porini! Leo nimuambie, tafadhali Dezire, nipe saa ya maharagwe?"

Na mimi, ndugu zangu, badala ya kumwambia punguza kiburi, nilikubali. Niliona ana haki. Hata kwetu mzazi haombi mtoto ruhusa ya kuwasha moto nyumbani kwake. Nikasema, "Hilo kweli. Ni aibu."

Aibu! Ndiyo hiyo aibu iliyotuponza sisi wazee wawili.

Ikafika zamu yake kupokea kina mama wa maombi. Sisi tunazungukiana nyumba, Wakenya, Warundi, Wakongo, mama mmoja wa Uganda, na anayepokea anapika. Konsolata hakulala kwa wasiwasi. Kina mama waje kwake walishwe maharagwe ya kopo? Afadhali angejifanya mgonjwa.

Asubuhi ile nikashuka. Nikamwambia, "Kaa hapo. Serikali itashughulikia."

Nikainama nyuma ya meza ya jiko, nikatoa kifuniko, nikaifungua ile pete kwa kucha, nikaichomoa kwenye waya. Nikaiweka kando. Basi, haikuwa kazi. Jiko likawaka tangu asubuhi mpaka kina mama wanafika, na mimi sikubanduka pale. Nilikaa kwenye kiti nikiyalinda yale maharagwe.

Walikula wakasifu! Mama Mkongo alilamba kijiko, akasema, "Konsolata, umenirudisha nyumbani, vraiment, kweli kabisa." Sijawahi kumwona dada yangu ana furaha vile. Alikuwa anakumbuka kila kitu siku hiyo, majina ya wote, nyimbo zote.

Wageni walipoondoka nikataka kuirudisha pete. Vidole vyangu vina baridi yabisi. Pale palipochanwa ni padogo, uzi wa kahawia umebanana na wenzake, nikahangaika, nikashindwa kuuchomoa peke yake. Nikasema moyoni, waya ni waya. Nikaifunga pete kwenye waya mzima, ule mnene, hapo karibu tu. Ikalia tik. Taa ya kijani ikawaka. Nikarudisha kifuniko.

Nilijua siyo mahali pake. Nataka mlisikie hilo vizuri. Nilijua nimeifunga tofauti na alivyoifunga yeye, nikasema haidhuru.

Siku chache baadaye Konsolata akapika maharagwe. Saa ikapita. Tap haikuja. Ikapita tena nyingine. Kimya! Maharagwe yakaiva.

"Dada," akaniambia anacheka, "kale kadude kametuzoea!"

Nilielewa hapo hapo kwamba pete haisikii tena. Sikusoma lakini si mjinga. Na nilifanya nini? Nilichukua bakuli nikala.

Tulikula maharagwe yale majira yote ya vuli. Nilijiambia mimi nipo, nashuka kila siku, macho yangu yanatosha. Ile kengele ya moshi ya darini Konsolata alikuwa ameshaitoa betri zamani kwa sababu ilimpigia kelele akikaanga vitunguu. Hilo nalo nililijua. Nililiona kila nilipoinua macho.

Kisha Dezire akanipigia. Simu hiyo ndiyo inayonitafuna kuliko yote. Kama ningesema kweli hapo, Konsolata angekuwa hai.

"Shikamoo Mama mdogo. Samahani kwa usumbufu. Naona kwenye simu jiko la Mama haliwaki kabisa. Siku nyingi sasa. Anakula kweli?"

Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu. Kinywa changu kikafunguka chenyewe.

"Anakula sana. Mimi ndiye ninayempelekea chakula. Amechoka kupika."

"Ah! Mungu akubariki. Nilikuwa na wasiwasi labda kifaa kimeharibika. Nilitaka nije nikifungue niangalie."

"Usihangaike, mwanangu. Wewe fanya kazi."

Alikuwa tayari kuja! Nikamzuia mimi. Kwa nini? Sikutaka aje akute pete imehamishwa. Sikutaka Mama mdogo, Serikali, aonekane mtundu mbele ya kijana. Kwa heshima yangu hiyo ya bure.

Ilipita muda. Baridi ikaingia, barafu kila mahali. Mjukuu wangu mdogo akapata homa, binti yangu akaniita Sundbyberg nikae naye wao wakiwa kazini. Nikapita kwa Konsolata nikielekea kituoni. Alikuwa amevaa vizuri, sweta lake la buluu. Akaniambia, "Serikali inasafiri? Basi leo raia watafanya wanavyotaka." Nikamwambia asipike, ale mkate na chai, nitarudi jioni. Akasema sawa, sawa.

Mara ngapi nimejiuliza kwa nini sikuchukua lile jiko nikaondoka nalo mkononi!

Mchana nampa mtoto uji, simu ikalia. Dezire. Hakuniamkia.

"Mama mdogo, uko wapi? Uko na Mama?"

"Niko Sundbyberg. Kuna nini?"

"Watu wa zimamoto wako nje kwa Mama. Jirani amenipigia. Lakini mimi naona hapa mlango haujafunguliwa tangu asubuhi, na jiko limezima. Naona limezima! Moto umetoka wapi?"

 Nilijua umetoka wapi.

Alikuwa ameweka maharagwe, akaenda kulala. Maji yakakauka. Pembeni ya jiko palikuwa na bakuli la plastiki la mawese na taulo. Moto wenyewe haukuwa mkubwa, walisema, ukuta tu na kabati. Moshi ndio. Walimkuta chumbani sakafuni, karibu na mlango.

Nilimwona hospitalini amefunikwa mashine usoni. Nilimwita kwa majina yote niliyomjua kwayo. Hakuniita Serikali. Hakufungua macho tena, na kabla wiki haijaisha alikuwa amekwenda.

Ole wangu! Lakini bado sijafika kwenye ubaya wangu wenyewe.

Tulikaa matanga nyumbani kwa Dezire, Södertälje. Watu wamejaa mpaka ngazini. Mimi nikashika jiko, kama kawaida yangu kwenye misiba. Nilikuwa napita na chupa ya chai pale wanaume walipokaa nikasikia mjomba wake mmoja, mzee aliyetoka mji wa Malmö, anauliza, "Lakini si ulisema uliweka mtambo? Mtambo ulifanya nini?"

Dezire alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini.

"Wale wachunguzi wamenionyesha picha. Pete ilifungwa kwenye waya wote, nyuzi mbili pamoja. Ikifungwa hivyo haisikii. Umeme unaokwenda una sumaku yake, unaorudi una yake, zinavutana huku na huku zinauana. Pete inaona sifuri. Jiko linaweza kuwaka mwaka mzima, yenyewe inasema limezima."

"Na aliyeifunga ni nani?"

"Mimi, mjomba. Nilidhani nimetoa uzi mmoja. Nakumbuka kabisa nimetoa uzi mmoja. Lakini siku hiyo nilitoka zamu, nilikuwa nimechoka. Labda sikumbuki vizuri. Labda na mimi nimeanza kusahau kama Mama."

Mjomba akatikisa kichwa. "Fundi wa malori. Jiko la mamako likakushinda."

 Hakuna aliyemtetea. Mimi nilisimama na chupa ya chai mkononi, hatua chache tu. Kijana anatilia shaka macho yake mwenyewe, anajitia wazimu, na mtu pekee aliyemwona akitoa uzi mmoja ni mimi!

Nikainama nikammiminia mjomba chai. Nikauliza, "Sukari?"

Mungu anisamehe. Nikauliza kama anataka sukari.

Watu wakanipa pole. "Pole Mama, ulimtunza kama dada wa tumbo moja." Nikaitikia asante. Kwenye mazishi ardhi ilikuwa ngumu kwa baridi, Dezire akashindwa kutupa udongo, akabaki ameushika. Nikamshika mkono nikamsaidia kuuachia. Mimi! Kwa mkono huu!

Ikapita baridi. Siku moja ya kiangazi naosha masufuria kanisani na mke wake, Anjelika. Nikamuuliza hali ya mumewe.

"Yupo tu, Mama. Ameacha umeme."

"Ameacha vipi?"

"Aliomba kazini wamhamishe. Sasa anapakua makasha ghalani. Anasema mikono yake haiaminiki. Nyumbani anachomoa kila kitu. Friji akaichomoa nyama ikaharibika. Watoto hawachaji hata simu akiwepo. Ananiuliza, Anjelika, kweli mimi nilijua kazi, au watu walikuwa wananionea huruma?"

Niliiweka sufuria chini. Sikuweza kuimaliza.

Nikaenda Södertälje peke yangu. Kwenye treni nilipanga maneno mazuri, nikifika yote yakapotea. Dezire akanifungulia, akainama kama kawaida. "Shikamoo Mama mdogo, karibu." Sikuiitikia shikamoo yake. Sikustahili.

"Dezire, keti. Uzi ulitoa mmoja. Wa kahawia. Nilikuona. Pete niliihamisha mimi."

Nikamwambia yote. Maharagwe, kina mama, vidole vyangu, tap iliyokoma. Nikamwambia na uongo wa kwenye simu, na ile chai ya matangani.  Mkono wake ulikuwa unazungusha kikombe mezani, kinazunguka, kinazunguka, hakina kitu.

Mwisho akasema, polepole, "Alitaka muda wa maharagwe?"

"Ndiyo."

"Mama mdogo, muda nilikuwa naubadilisha hapa." Akaitoa simu, akaionyesha. "Kubonyeza tu. Ningeweka masaa manne, ningeweka matano. Ningemwambia wewe ukiwepo jiko liachiwe, ukiondoka lirudi. Mngeniambia tu! Mbona hamkuniambia?"

"Tuliona aibu. Tukuombe wewe ruhusa."

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtoto wa mtu.

"Ruhusa? Mimi nilikuwa nikitoka zamu nalala na hii simu kifuani. Mimi ndiye niliyekuwa naomba. Kila siku naiomba hii simu iniambie Mama yuko salama. Ikaniambia yuko salama. Nikaiamini."

Hakupiga kelele. Afadhali angenipiga. Alisimama akaenda dirishani, akanipa mgongo. 

"Pete nakusamehe," akasema bila kugeuka. "Mzee anaweza kukosea waya. Hata sukari uliyomuuliza mjomba nitajaribu kuisamehe. Lakini nimekaa miezi yote hii nikijua nimemuua mama yangu. Ulikuwa unanipa pole kanisani kila Jumapili, na unajua. Hilo sijui nitalifanyaje."

Kisha akasema, "Walionisikia nikijilaumu, wakusikie na wewe."

Nikafanya hivyo. Jumapili baada ya ibada nilisimama mbele ya watu wale wale, nikasema. Yule mjomba hakuwapo, nikampigia simu Malmö nikamwambia pia. Akakata.

Basi mkitaka kujua gharama, ni hii. Dada yangu yuko kaburini. Dezire hajarudi kwenye umeme. Mkewe anasema friji sasa haichomoi, ila nyaya hagusi. Ananisalimia nikikutana naye, "Habari Mama," kama anavyosalimia mtu yeyote. Neno "mdogo" limeondoka. Na kwenye misiba na harusi zetu nikiingia jikoni kina mama wananiambia kwa upole, "Pumzika, Mama, sisi tupo." Wananipa kiti. Naketi huko mbele na wageni, sina la kufanya na mikono.

Najua baadhi yenu mnasoma mkisema, bibi huyu ni mshamba, mimi nisingegusa. Sawa. Lakini wazee wenzangu wangapi wamefungiwa vitu na watoto wao, vya mlangoni, vya kitandani, vya mkononi, na wamevifunika na kitambaa kwa sababu vinawaudhi? Nawajua wengine kwa majina. Kikikuudhi, sema. Gombana naye huyo mtoto, mwambie unataka maharagwe! Usikichezee ukanyamaza, maana kitaendelea kuwaka taa yake ya kijani na kumdanganya mtoto wako, kwa sauti yako.

Na ninyi watoto, mkimfungia mzazi kitu kama hicho, muulizeni kwanza anapika nini. Asiposema, ulizeni tena. Wazee tuna kiburi, mnatujua.

Na wewe ambaye umeshagusa, na unajua umegusa, na kuna mtu mahali fulani anatazama simu yake anaamini kila kitu ni salama. Usiniandikie mimi. Mimi sina la kukusaidia. Mpigie yeye, sasa hivi, kabla hujaweka gazeti chini.